Diski Inayochemka: Lipi la Feni, Lipi la Waranti

Kompyuta ya mezani imenunuliwa miezi minane iliyopita. Imeanza kukwama, mafaili yanafunguka kwa kusuasua, na mwenyewe akifungua kava la pembeni na kugusa diski anakuta haishikiki. Anakumbuka waranti ya mwaka mmoja. Anaibeba mpaka dukani, Kabwe ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, fundi anaiwasha asubuhi yenye baridi, inawaka bila shida, na mteja anarudishiwa mzigo wake. Majuma mawili baadaye diski inaanza kugonga, tik, tik, na picha za miaka mitano haziko tena.

Hapo kila mmoja humlaumu mwenzake, na kila mmoja ana kipande cha haki. Kosa liko kwenye malalamiko yenyewe: mteja alipeleka joto, na waranti hailipi joto. Waranti ya diski hulipa diski iliyoshindwa jaribio, yaani yenye sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zisizosomeka, yenye mota isiyozunguka, au isiyotambuliwa kabisa na kompyuta. Joto huhesabiwa kuwa la kasha, la feni, la vumbi na la mahali kompyuta ilipowekwa, na hayo yote ni ya mwenye kompyuta mpaka aonyeshe vinginevyo. Kwa hiyo kabla ya kupanda bajaji kwenda dukani, kazi ni kulitenga joto linaloipata diski kutoka nje na joto linalozalishwa na diski inayokufa. Kazi hiyo hufanywa kwa namba.

Kiganja si kipimajoto

Chuma chenye nyuzijoto 50 hukufanya uondoe mkono baada ya muda mfupi, lakini watengenezaji wa diski nyingi za mezani wanaruhusu zifanye kazi hadi nyuzi 60. Mkono hulalamika mapema kuliko diski. Ndani kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika muda wote inapofanya kazi, na diski ya inchi 3.5 hula wati kati ya 5 na 9 hivi. Karibu wati zote hizo huishia kuwa joto, na njia ya kutokea ni gamba la chuma, skrubu zinazoishika, na hewa inayopita. Diski ya laptopu ya inchi 2.5 hula wati 2 hivi tu, ila imebanwa mahali pasipo na hewa.

Nyuzi 30 hadi 45 ni eneo la raha. Ikikaa juu ya 50 kila siku, tafuta sababu. Ikifika 60, hamisha mafaili kwanza, maswali baadaye.

Hata hivyo joto lisipewe ukubwa kuliko lilionao. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha utafiti juu ya diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikitumika kwenye kompyuta zao. Uhusiano kati ya joto na vifo vya diski ulikuwa dhaifu kuliko watu walivyoamini; madhara yalijitokeza wazi kwenye joto kubwa na kwenye diski zilizozeeka. Kilichotisha ni kingine: diski iliyopata kosa lake la kwanza wakati wa kujikagua ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko ile isiyo na kosa hilo. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi, ukimwambia diski inachemka, atauliza kwanza habari za sekta.

Baridi ya huku na hewa yake nyepesi

“Mbeya kuna baridi, diski itachemkaje?” Kauli hiyo ni kweli nusu. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa 1,600 hivi, Njombe inakaribia 2,000. Kwenye mita 1,700 hewa ina uzito wa asilimia 85 hivi ya ile ya pwani. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo hewa ni pungufu, kwa hiyo inabeba joto pungufu. Kasha ambalo Dar es Salaam lingeipandisha diski nyuzi 15 juu ya joto la chumba, Mbeya litaipandisha karibu 17 au 18. Bado huku ni nafuu: chumba cha nyuzi 32 kule kinatoa diski ya 47, chumba cha nyuzi 20 huku kinatoa diski ya 38. Ubaya ni kwamba nafuu hiyo inaficha kasoro. Kasha lililojaa vumbi halijulikani Juni na Julai. Linajulikana Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, na waranti nayo huenda imebakiza siku za kuhesabu.

Wapo pia wanaohofia kwamba mwinuko wenyewe unaua diski. Vichwa vya kusomea vinaelea juu ya sahani kwa kubebwa na hewa, kwa umbali wa nanomita chache tu, na hewa ikiwa nyepesi mno haviinuki vya kutosha. Lakini mpaka unaotajwa kwa diski nyingi ni mita 3,000 na kidogo. Hata kilele cha Rungwe, chenye mita 2,960 hivi, kiko ndani ya mpaka huo, sembuse Uyole. Kwa sababu hiyohiyo ya hewa, diski nyingi zina tundu dogo la kupumulia lenye chujio, na pembeni yake onyo la kutoliziba. Zipo stika za waranti za madukani zinazobandikwa juu ya tundu hilo bila mtu kujua. Ukiliona limezibwa, usiibandue stika. Ipige picha na uwaambie walioibandika waihamishe.

Kitu cha milimani kinachostahili hofu ni umande. Diski iliyosafiri usiku kwenye buti la basi ikashushwa Makambako alfajiri, ukiiingiza kwenye chumba chenye jiko na kuiwasha papo hapo, unyevu hutua juu ya saketi. Iache ndani ya mfuko wake saa tatu au nne kabla ya kuiunganisha. Na ule ushauri wa kuokoa diski kwa kuitia kwenye friza, au kuilaza nje kwenye baridi ya Julai, ni wa kuachana nao kabisa: unyevu unaoingia humaliza kilichokuwa kimebaki.

Kupima kabla ya kulalamika

Diski yenyewe ina sensa ya joto na daftari la makosa, vyote chini ya mfumo uitwao SMART. Kwenye Windows programu ya bure ya CrystalDiskInfo inatosha. Kwenye Linux sakinisha smartmontools, kisha andika sudo smartctl -a /dev/sda (sda ni jina la diski ya kwanza).

Anza na joto la chumba. Kama huna kipimajoto, tumia ujanja huu: zima kompyuta usiku kucha, iwashe asubuhi, na soma joto la diski ndani ya dakika mbili za mwanzo. Namba hiyo ni karibu sawa na joto la chumba. Jaribio hili hupima pia ukweli wa sensa. Chumba kikiwa na baridi ya kuvaa sweta na diski iliyolala ikasema 41, sensa inadanganya, na hapo una kasoro halali ya kupeleka dukani.

Iache kompyuta imewaka bila kazi kwa saa nzima, maana diski hupanda joto polepole. Soma. Kisha nakili faili kubwa, la gigabaiti 20 au zaidi, kwa nusu saa, usome tena. Unachotafuta ni tofauti kati ya diski na chumba, kwa sababu tofauti hiyo haibadiliki sana kati ya Julai na Novemba. Ongezeko la nyuzi 10 hadi 20 ni la kawaida. Likizidi 25, kuna jambo.

Sasa jaribio la kutenga. Fungua kava la pembeni, elekeza feni ya mezani kwenye diski, subiri nusu saa. Joto likishuka nyuzi nane, kumi au zaidi, hewa ndiyo iliyokuwa haipiti. Hilo ni la kasha. Lisiposhuka, kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie kama diski inafanyishwa kazi asilimia 100 wakati wewe hufanyi kitu. Masasisho ya Windows, programu ya kuzuia virusi, au RAM ya gigabaiti 4 inayolazimisha kompyuta kuandika kwenye diski kila mara, vyote huichemsha hata diski isiyo na ubovu wowote. Kazi ikiwa haipo, feni inapuliza, na joto bado liko pale pale, basi diski inajichemsha yenyewe: mota inayokaza, au vichwa vinavyorudia kusoma mahali palipoharibika.

Hapo fungua daftari. Mstari wa 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu. C5 (kwenye smartctl huandikwa 197) ni zinazosubiri hukumu. C6 (198) ni zilizoshindikana kusomeka. Kwa diski ndani ya waranti, namba yoyote isiyo sifuri kwenye C5 au C6 inatosha kuanza kuandaa madai, na 05 inayoongezeka wiki hadi wiki vilevile. C7 (199) ni kitu kingine: ni makosa ya kebo. Wengi wamerudisha diski isiyo na ubovu kwa sababu ya C7 ilhali dawa ilikuwa kubadilisha kebo ya SATA. Namba ya C7 hairudi nyuma hata baada ya kebo mpya, kwa hiyo tazama kama imeacha kuongezeka.

Mitego miwili hapa. CrystalDiskInfo kwa kawaida huonyesha namba ghafi kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita (hexadecimal), hivyo 10 unayoiona ni 16, na 1A ni 26. Na kwenye diski za Seagate mistari ya 01 na 07 huwa na namba za kutisha tangu siku ya kwanza, ndivyo zilivyotengenezwa. Usiende kugombana dukani kwa mistari hiyo, utaonekana hujui.

Mstari wa 09, saa za kuwashwa, usome siku ileile ya kununua. Diski “mpya” yenye saa 14,000 imeshafanya kazi zaidi ya mwaka na nusu mfululizo mahali pengine.

Mwisho ni jaribio refu la diski yenyewe: sudo smartctl -t long /dev/sda, au lile la programu ya mtengenezaji, kama SeaTools kwa Seagate. Diski ya terabaiti 1 huchukua saa mbili au tatu. Usilifanye kabla ya kunakili data, maana jaribio hili huipekua diski nzima, na diski dhaifu inaweza kufia humo. Ukiona limeshindwa, piga picha skrini pamoja na namba ya diski. Hiyo ndiyo karatasi yako ya madai.

Jua pia kwamba diski nyingi hukumbuka. Amri ya sudo smartctl -l scttempsts /dev/sda inaonyesha joto la juu kabisa iliyowahi kufikia tangu itoke kiwandani. Kituo cha waranti kinaweza kulisoma hilo kama wewe. Diski yenye kumbukumbu ya nyuzi 52 haina neno. Yenye 71 inampa mtengenezaji sababu ya kusema ilitumika nje ya masharti. Kupoza mapema, basi, ni kuilinda waranti yenyewe.

Kulitoa joto

Vumbi la kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, ndilo adui wa kwanza, na likichanganyika na majivu ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa baridi hutengeneza utando kama blanketi. Zima, chomoa waya ukutani, toka nje, tumia brashi laini ya kupakia rangi. Shikilia feni kwa kidole isizunguke. Kompresa ya fundi wa matairi tunaijua, kila mtu huiendea, lakini ina maji ndani ya mpira wake na huizungusha feni kupita mwendo wake. Kama huna njia nyingine, fungua kwanza hewa itoke hewani mpaka ikauke, na ukae mbali nusu mita.

Feni ya mbele huvuta hewa ndani, ya nyuma huisukuma nje. Shika kipande cha karatasi laini ya chooni mbele ya kila moja: mbele kinyonywe, nyuma kipeperushwe. Makasha mengi ya bei nafuu huja bila feni ya mbele ingawa nafasi yake ipo, mara nyingi ya milimita 120, na diski hukaa hapohapo nyuma yake. Feni moja ya volti 12 hapo inashinda marekebisho mengine yote yakijumlishwa. Kabla ya kufungua, angalia tu kama kuna stika ya duka juu ya skrubu za kava. Ikiwapo, mwombe muuzaji aifungue yeye, au aandike kwamba ameruhusu.

Diski mbili zisipangwe zikigusana. Ruka nafasi moja. Meza zile za kompyuta zenye kabati lenye mlango, uondoe mlango au uache nyuma wazi sentimita 10. Laptopu isilale juu ya blanketi. Diski ya nje ya plastiki haina feni kabisa, na mahali pake pabaya kuliko pote ni juu ya king'amuzi, ambako ndiko watu huiweka.

Kwa wenye SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, habari ni fupi: haina mota, na zile za NVMe, aina yenye kasi zaidi, zikichemka hujipunguza mwendo zenyewe. Kibati cha alumini cha kupoza juu yake hutosha.

Waranti zipo tatu, usizichanganye

Ya kwanza ni ya duka, iliyoandikwa kwenye risiti au stika. Inaweza kuwa mwezi mmoja kwa kompyuta iliyotumika iliyoingia kupitia Tunduma au Dar, au mwaka kwa mpya. Ya pili ni ya mtengenezaji wa kompyuta, kama HP, Dell au Lenovo. Ya tatu ni ya mtengenezaji wa diski, na hii huwa ndefu: WD Black ina miaka 5, Seagate IronWolf 3, Barracuda ya kawaida 2. Wengi huingiza namba ya diski kwenye tovuti ya mtengenezaji wakaambiwa haina waranti, wakadhani wameuziwa bandia. Mara nyingi maana yake ni kwamba diski iliuzwa kwa kiwanda cha kompyuta, na madai yanakwenda kwa mtengenezaji wa kompyuta. Jibu la pili linalowachanganya watu ni kwamba diski ni ya nchi nyingine. Waranti nyingi hufuata eneo bidhaa ilikouzwa, kwa hiyo diski aliyoileta ndugu kutoka Dubai huenda haina pa kudaiwa hapa.

Uthibitisho wa tarehe ni risiti ya EFD, ile mashine ya kodi ya dukani. Risiti hiyo imechapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, na joto lilelile huifuta: iliyowekwa kwenye dashibodi ya gari au juu ya kompyuta hubaki nyeupe kabla waranti haijaisha. Itoe kopi siku ya kwanza. Pia EFD nyingi huandika neno “kompyuta” tu. Dai ankara yenye modeli na namba ya kila diski, yenye mhuri wa duka. Duka likikataa kutimiza waranti liliyoiandika lenyewe, malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, nayo itataka kuona karatasi hizohizo.

Waranti huvunjika kwa kufungua diski yenyewe, kubandua lebo yake, au kuonekana imeanguka au imekunjika. Fundi anayesema atafungua diski “aipulize vumbi” mezani kwake, chukua mzigo wako uondoke.

Data haimo kwenye waranti

Hakuna waranti hata moja kati ya hizo tatu inayolipa mafaili. Utapewa diski nyingine, mara nyingi iliyokarabatiwa kiwandani, yenye muda wa waranti uliobaki kwa ya zamani, na ile uliyopeleka hairudi. Kwa hiyo nakili kwanza, ukianza na visivyopatikana kwingine: picha, hesabu, tasnifu ya mwanafunzi wa chuo cha Mkwawa au MUST. Programu hata ukizipoteza, zinapakuliwa tena. Diski yenye C5 inayopanda isinakiliwe kwa kuburuta mafaili kwenye dirisha la Windows, maana itakwama kwenye faili moja na kuzidi kuchoka. Tumia ddrescue, programu ya Linux inayoruka palipoharibika na kuparudia mwishoni. Feni iwe inapuliza muda wote.

Ikiwa bado inaandikika, ifute kabisa kabla ya kuikabidhi. Ikiwa imekufa na ina kumbukumbu za zahanati au vitabu vya SACCOS, piga hesabu upya: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubebesha mzigo wa taarifa za watu uliowatunzia, na bei ya diski mpya inaweza kuwa ndogo kuliko kuipeleka ile usikokujua.

Kuituma

Kituo cha huduma mara nyingi kiko Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya. Omba namba ya madai kabla ya kutuma, kwa kawaida huitwa namba ya RMA, na uiandike nje ya boksi. Ndani: mfuko wa kuzuia umeme tuli, sponji ya sentimita 5 kila upande, boksi gumu. Magazeti hayafai, yanasinyaa na diski inabaki ikicheza. Ipigie picha lebo kabla ya kufunga. Tuma kwa EMS ya posta au kwa ofisi ya vifurushi ya basi inayotoa risiti; kumkabidhi konda mkononi ni kuomba ifike imeanguka, na diski iliyoanguka haina waranti.

Katika maelezo usiandike “inachemka”. Andika: modeli, namba ya diski, tarehe ya kununua, C5 ni 24 na ilikuwa 8 wiki iliyopita, jaribio refu limeshindwa tarehe fulani, joto la chumba nyuzi 19, la diski 51 ikiwa na feni.

Nyingine ikifika, iache ipate joto la chumba ndani ya mfuko wake, soma mstari wa 09, fanya jaribio refu kabla ya kuweka faili lolote, kisha pima ongezeko la joto kwenye kasha lilelile. Likiwa bado ni 25 au zaidi, irudishe kwenye boksi mpaka feni ya mbele inunuliwe.